Kitanda Nilichokitandika Nikiwa Mgeni

Wadogo zangu wa ghorofa ya nne na ya tano, nyinyi mnaosukuma matoroli huko Buffalo,

Siku mliponiaga kwa keki mliniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Niliitikia tu kwa kichwa, maana mdomo ulikuwa umejaa keki. Sasa ninayo sababu ya kuandika. Nimesafisha vyumba vya watu kwa miaka kumi na saba, Louisville, Columbus na hapo kwenu, na kosa kubwa kuliko yote nimelifanya mwezi mmoja baada ya kurudisha ufunguo wangu mkuu, nikiwa mgeni kwenye hoteli ndogo ya Brussels. Nusura mama mmoja afukuzwe kazi kwa sababu yangu. Sikumwibia wala sikumsema vibaya. Nilitandika kitanda. Ili mwelewe ilikuwaje itabidi nianze mbali kidogo, na mtanivumilia kama nilivyokuwa nikiwavumilia kwa habari ya vioo.

Kambini, upande wa Kasulu, nilikuwa fundi cherehani. Nilivuka mpaka kutoka Burundi nikiwa kijana wa shule ya msingi, nikakulia Tanzania, nikaoa na kumzika mke wangu huko. Tulipoletwa Louisville nilikuwa na miaka karibu hamsini, na binti mmoja, Neema, aliyekuwa amevuka kumi na tatu. Tulipewa nyumba Shively, kitongoji cha Louisville. Nilitarajia kuulizwa habari za cherehani. Nilipelekwa kwenye hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, nikavalishwa shati la kijivu lenye jina la mtu mwingine kifuani, na kwa wiki mbili za mwanzo niliitikia jina hilo.

Siku ya kwanza msimamizi alinifundisha kwa vitendo, kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa cha salamu tu. Gonga mara tatu. Sema "hauskipingi", yaani wa usafi nimefika. Subiri. Nilimwelewa vizuri sana, hata kupita kiasi. Kwangu ile ilikuwa hodi. Nikawa nagonga mara tatu, napiga hodi yao, nasubiri kwa adabu, na pasipokuwa na mtu wa kunikaribisha nafanya kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri: naondoka. Hadi saa ya chakula nilikuwa nimesafisha vyumba viwili kati ya kumi na vinne. Kimoja mwenyewe alikuwamo, amejifunga taulo, na alinipigia ukelele fulani ambao mimi niliuchukua kuwa ndiyo karibu.

Aliyeniokoa ni Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira, mfupi, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alinikuta nimesimama mbele ya mlango wa chumba cha tisa, mikono nyuma.

"Baba Neema, unangojea nani?"

"Hakuna aliyesema karibu," nikamjibu.

Alikaa juu ya rundo la taulo chafu akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Bageni beko bameenda kutembea! Nani atakuambia karibu, ni kitanda?"

Halafu akainuka, akafungua mlango kwa ufunguo wake, akanisukuma ndani. Vyumba vyangu kumi na viwili tulivimaliza pamoja, yeye akiwa amekwisha kumaliza vyake, na hakumwambia msimamizi. Mpaka leo nikiwaza juu ya mwalimu, namwona yeye, kitambaa chekundu mkono wa kushoto na cha bluu mkono wa kulia.

Vitambaa hivyo mnavijua. Chekundu ni cha choo, cha bluu ni cha kioo na glasi, na sheria ya Mama Furaha ilikuwa kwamba anayevichanganya anywe maji kwa ile glasi. Alinifundisha kusimama mlangoni kwanza na kutazama kabla ya kugusa. Alinifundisha kuanza kona ya mbali na kurudi nyuma kuelekea mlangoni, ili nisikanyage kazi yangu. Na alinifundisha kuinua mto kabla ya kuvuta shuka, kila mara, hata kama una haraka, kwa kuwa chini ya mto ndipo watu wanapoficha wanachokipenda au wanachokionea aibu. Mle Louisville pekee nilikuta meno ya bandia, barua ya mapenzi, pasipoti tatu na bastola moja. Bastola tuliifunika tena kwa mto, tukatoka kwa vidole vya miguu, tukaita wakubwa.

Kitanda hakuwa na haja ya kunifundisha sana. Mikono yangu ilijua kitambaa. Aliponionyesha jinsi ya kukunja kona iwe kali kama bahasha, nilirudia mara moja tu, akainama kutazama kwa karibu. "Ee," akasema, "sasa apa beko na fundi." Siku hiyo nilirudi Shively nikitembea kifua mbele. Kanisani wanaume wa maghalani walinitania: mwanaume mzima unatandika vitanda vya watu? Niliwauliza cha kwao anakitandika nani, na wake zao wakawa upande wangu.

Baada ya miaka minne mume wa Mama Furaha alipata kazi ya ghala Columbus, wakahama. Haukupita mwaka akanipigia simu kwamba hoteli ya huko inatafuta watu. Nikamfuata, kama watu wetu wanavyohama siku zote, kwa simu moja na gari la kuazima. Ilikuwa hoteli ndefu, ya watu wa mikutano, wale wanaotembea na majina yao shingoni. Tuligawiwa ghorofa moja, yeye upande wa lifti na mimi upande wa ngazi.

Jambo la Columbus sijawahi kuwaeleza, ingawa mlikuwa mkiniuliza kwa nini siwezi kunyamaza mtu akionewa. Sababu ni kwamba niliwahi kunyamaza. Mgeni mmoja alishuka mapokezi akasema saa yake imepotea chumbani. Chumba kilikuwa cha Mama Furaha. Mimi asubuhi ile ile nilipanda lifti na huyo bwana, na saa ilikuwa mkononi mwake. Nilimwona akiitazama kwa kuwa lifti ilichelewa. Kiingereza cha kusema "nimeiona" nilikuwa nacho. Lakini tuliposimamishwa ukumbini na kuulizwa kama kuna anayejua lolote, nilifikiri mambo ya binti yangu na kodi ya nyumba, nikajiambia ukweli utatokea wenyewe. Mama Furaha akafukuzwa siku hiyo hiyo. Ulitokea, baada ya siku tatu; saa ilikuwa ndani ya gari la yule mgeni. Wakampigia Mama Furaha arudi. Akakataa. Alikwenda kufanya kazi ya kupanga maboksi, na magoti yake hayakuyaweza.

Ilinichukua miaka miwili kumwambia. Nilikwenda kwake Jumapili, nikakaa, nikaeleza yote.

"Nilijua," akasema. "Nilikuona mule ukumbini. Ulikuwa unaangalia viatu vyako." Kisha akaniwekea chakula. Alinisamehe mbele yangu, nikala nikitazama sahani tu. Nawaambia hivi kwa sababu nyinyi ni vijana na mnadhani kosa la kazini ni nywele kwenye bafu.

Neema alipomaliza uuguzi alipata hospitali Buffalo, akapanga nyumba Kenmore, jirani na mji, akasema hawezi kuniacha Columbus peke yangu na televisheni. Ndivyo nilivyofika kwenu. Habari za cheo nitaziruka. Walinipa tochi na daftari, nikawa mkaguzi, basi. Mnachokumbuka ni kidole changu juu ya fremu za picha. Ninachokumbuka mimi ni chumvi ya barabarani inayoingia na viatu vya wageni mwezi wa kwanza, jinsi inavyoweka madoa meupe kwenye zulia, na jinsi yule dada wa Goma alivyogundua kwamba siki na maji ya vuguvugu vinaishinda dawa ya hoteli. Mliniita Baba Kona. Mlidhani sijui.

Mnakumbuka pia ile kadi ya mlangoni. Tangu ule ugonjwa wa korona wageni walizoea kutundika kadi ya kuzuia usafi siku tatu, siku nne, wakidhani wanatufanyia hisani. Saa tano asubuhi msimamizi anahesabu vyumba vilivyobaki na kuwaambia wawili kati yenu warudi nyumbani. Hakuna aliyeilalamikia kadi hiyo kuliko mimi. Nalitaja hili ili mjue kwamba nilichokifanya Brussels sikukifanya kwa kutojua.

Safari ilikuwa zawadi ya Neema. Mdogo wangu anakaa Brussels, na binti yake alikuwa anaolewa. Nilitaka tulale kwa mdogo wangu, hata sakafuni, kwa kuwa ndugu kulala hotelini ndugu yake yupo ni kama kumtukana. Lakini nyumba yake ilikuwa imejaa wakwe mpaka kwenye korido, na Neema alikuwa amekwisha kulipia vyumba viwili vya kukabiliana kwenye hoteli ya kisasa, ndogo, ya zile wanazoziita butiki. Nilimwambia anapoteza. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake anapotaka mjadala uishe, kwamba miaka kumi na saba nimetandikia watu na sasa ni zamu ya watu kunitandikia mimi.

Nyumba ilikuwa ya zamani, na ndani wameifanya mpya kabisa. Haikuwa na meza ya mapokezi. Kijana asiye na tai alitoka na kompyuta mkononi akatukaribisha kwenye kochi. Chumba changu kilikuwa kizuri, sitakidharau. Lakini nilikitazama kwa macho ya kazi. Bafu lilikuwa limezungukwa na kioo kitupu, kutoka sakafuni hadi darini. Mabomba yalikuwa meusi, ya aina inayoonyesha kila tone la maji. Kabati hakuna, ila vigingi vya mbao ukutani. Kitanda kilikuwa chini sana, kimekaa juu ya ubao, kwa hiyo anayekitandika sharti apige magoti, na juu yake kulikuwa na mito minne midogo isiyolaliwa na mtu yeyote. Aliyekichora chumba kile hajawahi kukisafisha. Nilikaa ukingoni nikampa pole mtu ambaye sikuwa nimemwona.

Asubuhi niliamka kabla ya jua, kama nyinyi. Nikanywa maji, nikaoga, na mikono ikaanza yenyewe. Nilikausha kioo chote kwa taulo langu. Nilifuta mabomba. Nilipiga magoti nikavuta shuka, nikakunja kona zote nne, nikapanga mito minne kama nilivyoikuta. Taulo nililitundika likiwa limekunjwa mara tatu. Taka nilizitia kwenye mfuko nikashuka nazo, nikazitupa mtaani. Pajama langu nililikunja na kuliweka chini ya mto, na Biblia yangu nikaitia kwenye droo. Sanduku sikuliacha, kwa kuwa lilikuwa na vitenge na zawadi za harusi; tulilipeleka kwa mdogo wangu, na suti yangu nilikuwa nimeivaa. Pale mlangoni niligeuka kutazama chumba, nikaridhika. Nilijiambia kwamba mama atakayeingia atapumzika dakika ishirini.

Sasa nyinyi mnaojua kazi, simameni mlangoni mwa chumba hicho. Hakuna sanduku. Hakuna kiatu. Kioo kikavu, pipa tupu, kitanda hakina hata mkunjo. Biblia kwenye droo haimshtui mtu, maana hoteli nyingi huweka zao humo. Mngeandika nini kwenye karatasi? Yule mama aliandika kile ambacho ningeandika mimi: chumba hakikulaliwa. Na kitanda kisicholaliwa hakibadilishwi shuka. Mapokezi wakampigia Neema, na simu yake haikuwa na mtandao wa kule. Wakaamua kwamba mgeni wa chumba hicho amekwenda kulala kwingine na harudi, wakakitoa kwa wengine.

Tuliporudi saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado liko juu, kadi yangu haikufungua mlango. Tukashuka. Pale kwenye kochi walikaa mume na mke, Wazungu wazima, wakali, na kati yao kulikuwa na mfuko wa karatasi. Ndani ya mfuko mlikuwa na pajama langu.

Neema aliwaka kabla yao. Alidai meneja, akadai chumba, akadai kuombwa radhi. Meneja alikuja, ndiye yule kijana asiye na tai, akatuomba radhi kwa Kiingereza kizuri na kusema tusiwe na wasiwasi, kosa limejulikana ni la nani. Ni la mfanyakazi wa vyumba. Hakubadilisha shuka na hakuinua mto. Yuko wiki ya pili ya majaribio, ameletwa na kampuni ya usafi, na kesho hataletwa. Alisema hivyo kama mtu anayetangaza kwamba taa imebadilishwa.

Huyo mama alikuwa amesimama karibu na ngazi, koti lake la nyumbani mkononi, akingoja kuambiwa rasmi. Alikuwa na miaka kama ya Neema. Hakulia. Alikuwa anamtazama kila aliyezungumza, mmoja baada ya mwingine, bila kuelewa Kiingereza, na mwisho akanitazama mimi. Nilihisi macho yangu yanashuka chini kwenda kwenye viatu. Yalifika magotini. Nikayarudisha.

"Ni mimi," nikasema kwa Kifaransa changu cha shule ya msingi. "Kitanda nilikilalia. Asubuhi nilikitandika mwenyewe."

Meneja alitabasamu, tabasamu la kumtunza mzee. Akasema ni ukarimu wangu kusema hivyo, lakini wageni wengi hudhani wametandika, na wanachokifanya ni kuvuta blanketi tu. Mfanyakazi yeyote anaitambua tofauti. Neema akanivuta mkono akaninong'oneza niache, tutapewa chumba kizuri zaidi.

"Twende juu," nikamwambia meneja.

Wale wageni wawili walikuwa wamehamishiwa chumba kingine, kwa hiyo changu kilikuwa wazi. Tulipanda sote, na yule mama nyuma yetu. Nilivua koti la suti, nikampa Neema. Nikavua kitanda chote mpaka godoro. Nikapiga magoti. Kwa muda kidogo nilisahau wako pale; mikono ilikuwa inazungumza na shuka, na nadhani mdomo pia, kwa sababu nina tabia ya kuisemesha kazi. "Haya geuka, wewe. Njoo huku. Kaa." Nilipopanga mto wa nne nikasimama, magoti yakalia, nikarudi nyuma hatua tatu.

Meneja alipitisha kiganja juu ya blanketi. Akainama kutazama kona. Kisha akavuka korido akafungua chumba cha Neema, ambacho yule mama alikuwa amekitandika asubuhi hiyo, akakitazama, akarudi kutazama changu, akaenda tena. Mwisho alirudi. Akamwambia yule mama kwa Kifaransa kwamba kesho aje saa yake ya kawaida, na kwamba mto uinuliwe kila siku. Mimi akaniuliza kama natafuta kazi. Nilimwambia nimestaafu, kama alivyoona.

Alipoondoka, yule mama alibaki mlangoni.

"Papa," akaniambia kwa Kiswahili, "we ni mutu ya wapi? Nilisikia uko unasemesha shuka."

Jina lake Sifa, mtu wa Bukavu. Nilitegemea shukrani, nasema kweli. Nilikuwa nimekwisha kuandaa uso wa kusema usijali. Yeye aliweka koti lake juu ya toroli, akaweka mikono kiunoni.

"Nitakuambia aksanti, lakini kwanza nikugombeze. Ju ya nini ulitandika?"

"Sikutaka kukusumbua, mwanangu. Nimefanya kazi hii. Najua uzito wake."

"Kunisumbua? Donc, mi minakuya apa kufanya nini?" Hofu ya jioni nzima ilikuwa inamtoka sasa. "Niko na batoto babili, Papa. Ungeacha hata soksi moja! Minafungua mulango, minatazama, minaona hakuna mutu. Hakuna mutu kabisa. We ulikuwa unamuficha nani?"

Neema aliyekuwa ameshika koti langu alicheka kidogo, kisha akaniona uso, akaacha. Nilimwomba Sifa msamaha, akanishika mkono kwa mikono yake miwili kama anavyoshikwa baba, akasema aksanti mara mbili, akashuka kuwahi basi.

Nilikaa juu ya kiti muda mrefu, kwa kuwa kitanda nilichotandika sikutaka kukikalia. Mnaona ugonjwa wenyewe. Nilikumbuka kambini tulivyofagia mbele ya nyumba kabla watu wa mashirika hawajapita, ili wasiandike kwamba wakimbizi ni wachafu. Nikakumbuka Shively, nilivyomkataza Neema kupigilia msumari hata mmoja, na miaka minne tulikaa kati ya kuta nyeupe tupu, mtoto akiwa ameweka picha zake chini ya godoro. Nimejivunia maisha yangu yote kwamba popote ninapotoka hapaonekani kwamba nilikuwapo. Nilidhani ni adabu, na sehemu yake ni adabu kweli. Lakini nina miaka sitini na sita, kitanda kimelipiwa na binti yangu, na bado nilikuwa nakiomba radhi kwa kukilalia. Nilisikia huzuni, na nyuma yake hasira kidogo, ambayo mpaka sasa sijajua nimkasirikie nani.

Tulikuwa na usiku mmoja mwingine, kisha harusi. Asubuhi ya harusi niliamka na mikono ikaanza. Niliifunga kifuani, kweli kabisa, kama mtoto aliyekatazwa kugusa. Blanketi lilikuwa limeanguka nusu. Mto mmoja ulikuwa na shimo la kichwa changu. Nilioga, matone yakabaki kwenye kioo, nikayatazama yakiteremka. Taulo kulitupa sakafuni nilishindwa, nitasema ukweli. Nililiacha ukingoni mwa beseni, limejikunja ovyo, na hata hilo lilinigharimu. Miwani ya kusomea nikaiacha juu ya Biblia, glasi ya maji nusu mezani, viatu vya kawaida katikati ya njia. Neema alikuwa anagonga na kuniita kwa Kiingereza kwamba bibi harusi hatatungoja.

Kabla sijaendelea nisisahau la kazi, maana mliniomba la kazi. Chumba kikiwa kikamilifu kupita kiasi, msikiamini. Inueni mto. Fungueni droo, na Biblia ikiwemo fungueni ukurasa wa kwanza mtazame kama ina jina la mtu. Wageni kama mimi wako wengi kuliko mnavyodhani, na siku hizi wanazidi, wazazi wenu wakiwa miongoni mwao. Na nyinyi wenyewe mkipata kulala hotelini siku moja, nawaomba mtumie chumba.

Nilipofungua mlango, Sifa alikuwa koridoni na toroli lake. Nilisimama kando nikiwa nimevaa suti, kama mtu anayesubiri kukaguliwa. Alichungulia. Aliona blanketi, glasi, viatu, matone. Alitazama polepole, kutoka kona ya mbali mpaka mlangoni.

"Bon," akasema, akichukua kitambaa chake cha bluu. "Leo mutu alilala apa."